Wati na Mapigo ya Moyo: Vipimo Viwili vya Mwendesha Baiskeli

Tarehe 14 Julai, 2015, katika milima ya Pyrenees iliyoko kusini-magharibi mwa Ufaransa, Christopher Froome aliupanda mwinuko wa kilomita 15.3 uendao La Pierre-Saint-Martin na kuwaacha nyuma wapinzani wake wote wa mbio za Tour de France. Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na aliyemfunza mbio za baiskeli katika ujana wake ni Mkenya, David Kinjah. Baadaye alihamia katika timu za Ulaya na kuanza kuiwakilisha Uingereza. Ushindi wake wa siku ile ungetarajiwa kumletea shangwe. Lakini ulimletea shutuma. Siku nne baadaye, kwa maelezo yake mwenyewe, mtazamaji mmoja alimrushia mkojo njiani huku akimwita mdanganyifu. Siku iliyofuata televisheni moja ya Ufaransa ilitangaza kwamba mtaalamu amekadiria nguvu aliyoitoa mlimani kuwa wati 7.04 kwa kila kilo ya uzito wake, kiwango ambacho wengi walikihesabu kuwa hakifikiki pasipo dawa zilizokatazwa.

Timu yake ilijibu tarehe 21 Julai kwa kuyatoa hadharani matokeo ya kipimo kilichokuwa kimefungwa kwenye baiskeli yake. Ilieleza kwamba kipimo kilionyesha wastani wa wati 414 kwa muda wa dakika 41 na sekunde 28. Kwamba kwa sababu ya umbo la yai la gurudumu la meno la mbele, kipimo huzidisha kwa takriban asilimia 6. Na kwamba, kwa uzito wa kilo 67.5, nguvu halisi ilikuwa wati 5.78 kwa kilo. Mapigo ya moyo wake yalikuwa na wastani wa 158 kwa dakika, na kilele chake kilikuwa 174.

Hivyo heshima ya mtu ilitegemea namba mbili zisizopatana. Jambo la kuwafurahisha walimu na wanafunzi wa sekondari ni kwamba mzozo huo, uliojaza magazeti ya Ulaya, unaweza kupimwa kwa fizikia ya darasani, kwa kalamu na karatasi. Na anayeuchunguza hadi mwisho atajifunza pia namna ambavyo wanariadha wa leo wanavyofanya mazoezi, na kwa nini kipimo kimoja peke yake hakitoshi.

Nguvu ni nini?

Katika mazungumzo ya kila siku neno “nguvu” hubeba maana nyingi. Katika fizikia maana yake ni moja tu: kiasi cha kazi kinachofanywa katika kila sekunde. Kazi hupimwa kwa jouli, na jouli moja ikifanywa kwa sekunde moja huitwa wati, kwa ukumbusho wa James Watt, fundi wa Uskoti aliyeiboresha injini ya mvuke katika karne ya 18. Watt mwenyewe, alipotaka kuwauzia watu injini zake, alizilinganisha na farasi, na nguvu ya farasi mmoja aliyoikadiria ni sawa na wati 746 hivi.

Mtu apandaye mlima kwa baiskeli hufanya kazi dhidi ya mvutano wa dunia. Kazi hiyo ni uzito wote unaoinuliwa ukizidishwa kwa kimo. Barabara ya La Pierre-Saint-Martin huinuka kwa wastani wa asilimia 7.4, basi kilomita 15.3 huleta kimo cha mita 1,132 hivi. Kilo 67.5 za mwanariadha zikijumlishwa na kilo 8 za baiskeli, viatu na mavazi, jumla ni kilo 75.5. Kilo hizo zikizidishwa kwa 9.81, kisha kwa mita 1,132, hupatikana takriban jouli 838,000. Muda ulikuwa sekunde 2,488. Jouli zikigawanywa kwa sekunde, jawabu ni wati 337.

Hizo ni wati za kuupanda mlima peke yake. Zaidi yake kuna upinzani wa hewa, msuguano wa tairi na barabara, na hasara ndogo ya mnyororo. Kwa mwendo wa kilomita 22 kwa saa, pasipo upepo mkali, mambo hayo matatu kwa pamoja hudai takriban wati 50 hadi 70. Kwa hiyo jumla huangukia kati ya wati 387 na 407. Kipimo cha baiskeli, baada ya kusahihishwa, kilisema wati 390. Ama wati 7.04 kwa kilo, kwa mtu wa kilo 67.5, zingekuwa wati 475. Na hapo ingelazimu wati 138 ziwe zimepotelea katika hewa na msuguano, jambo lisiloaminika kwa mwendo huo ila kwa upepo mkali wa usoni.

Haimaanishi kwamba hesabu hii imemwosha mtu yeyote. Wati hazisemi lolote juu ya kilichomo ndani ya damu, na wala si kazi ya fizikia kutoa hukumu za namna hiyo. Hesabu imeonyesha jambo moja tu: kwamba namba iliyozua ghadhabu haikubaliani na kimo cha mlima, uzito wa mtu, na saa. Hata hivyo jambo hilo si dogo, kwani watu wengi walihukumu kabla ya kugawanya.

Jinsi wati zinavyopimwa

Hadi miaka ya 1980 wati za mwendesha baiskeli ziliweza kupimwa vizuri katika maabara tu, juu ya baiskeli zisizotembea. Mwaka 1986 mhandisi Mjerumani Ulrich Schoberer aliasisi kampuni ya SRM iliyotengeneza kipimo cha kufungwa kwenye baiskeli ya kawaida. Siri yake ni mikanda myembamba ya metali iliyogandishwa kwenye sehemu inayounganisha mikono ya pedeli na gurudumu la meno. Mguu unaposukuma, chuma hujipinda kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Mikanda nayo hunyooka kidogo, na ukinzani wake wa umeme hubadilika. Badiliko hilo huonyesha ukubwa wa kani inayozungusha. Kani hiyo ikizidishwa kwa kasi ya mzunguko hutoa wati, papo kwa papo.

Sifa kubwa ya wati ni kutobembeleza. Mwendo wa kilomita 30 kwa saa waweza kuwa kazi rahisi upepo ukiwa mgongoni, na ukawa mateso upepo ukiwa usoni. Wati 200 ni wati 200, iwe bondeni ama mlimani, iwe asubuhi ama jioni. Kwa sababu hiyo kocha anaweza kumpa mwanafunzi wake zoezi kama vile mwalimu anavyotoa hesabu ya nyumbani, na kesho yake akajua kama limefanywa.

Moyo nao wasemaje?

Wati hueleza kilichotoka mwilini. Gharama iliyolipwa ndani haimo katika wati. Huonekana katika moyo.

Mtu mzima aliyepumzika hupigwa na moyo mara 70 hivi kwa dakika, na kila pigo husukuma takriban mililita 70 za damu. Basi lita 5 za damu hupita moyoni kila dakika. Misuli inapofanya kazi hudai oksijeni zaidi, na moyo hujibu kwa njia mbili: kupiga haraka zaidi, na kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Mazoezi ya miezi na miaka hayaongezi sana idadi ya juu kabisa ya mapigo; yaongezacho ni kiasi cha damu kwa kila pigo. Ndiyo maana mwanariadha aliyezoezwa huweza kutoa wati zile zile alizozitoa mwaka jana, lakini kwa mapigo machache zaidi.

Kupima mapigo barabarani kulirahisishwa na Wafini. Mwaka 1957 Martti Karvonen na wenzake walionyesha kwamba ukali wa zoezi huamuliwa vema kwa kutazama pengo lililopo kati ya mapigo ya kupumzika na mapigo ya juu kabisa. Mwaka 1982 kampuni ya Polar Electro, ya huko huko Ufini, ilitoa chombo cha mkanda wa kifuani kinachopeleka mapigo kwa redio hadi kwenye saa ya mkononi.

Lakini moyo, tofauti na wati, una mambo mengi yanayousumbua. Joto huuharakisha; hofu, kahawa, usiku usio na usingizi na homa huuharakisha pia. Tena huchelewa: mtu akianza kukanyaga pedeli kwa nguvu ghafla, wati hupanda katika sekunde ile ile, ilhali moyo huweza kuchukua dakika moja au mbili kufikia kiwango chake. Kwa hiyo katika zoezi la sekunde 30 mapigo ya moyo hayamwelezi kocha jambo la maana.

Isitoshe, watu hutofautiana. Vitabu vingi hufundisha kwamba mapigo ya juu kabisa ni 220 kutoa umri. Kanuni hiyo ni wastani wa makundi ya watu, na mtu mmoja mmoja aweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo 10 au zaidi. Froome alikuwa na umri wa miaka 30; kwa kanuni hiyo mapigo yake ya juu yangekuwa 190, na wastani wake wa 158 ungekuwa asilimia 83 tu. Mtu angeweza kusema kwamba alipanda mlima ule kwa kujistarehesha! Lakini kilele alichokifikia siku hiyo kilikuwa 174. Ukigawanya 158 kwa 174 hupata takriban asilimia 91, nayo ndiyo hali ya mtu anayejitahidi kweli kweli. Namba ni ile ile. Kilichobadilika ni kipimo ilicholinganishwa nacho.

Faida ya kuviweka pamoja

Vipimo hivi viwili vikiwekwa sambamba huanza kusema mambo ambayo kila kimoja peke yake hakiwezi kuyasema. Mfano ulio wazi ni joto.

Mwili wa mwendesha baiskeli ni injini isiyo na ufanisi mkubwa. Katika nishati yote inayotokana na chakula, kiasi cha asilimia 20 hadi 25 tu hufika kwenye pedeli. Iliyobaki hugeuka joto. Mtu anayetoa wati 390 kwa ufanisi wa asilimia 23 hutumia jumla ya wati 1,700 hivi, na wati 1,300 kati ya hizo ni joto, zaidi ya pasi nyingi za umeme. Joto hilo lisipotoka, mtu huanguka. Njia kuu ya kulitoa ni jasho linalokauka juu ya ngozi: lita moja ya jasho ikikauka huondoa takriban kilojouli 2,400. Mahali penye unyevu mwingi hewani, kama Mombasa au Dar es Salaam wakati wa kaskazi, jasho jingi hudondoka chini pasipo kukauka, na jasho lidondokalo halipozi mwili.

Hapo ndipo vipimo viwili vinapoachana. Mwanafunzi akidumisha wati 150 kwa saa nzima kwenye joto, wati zitabaki 150 tangu mwanzo hadi mwisho, lakini mapigo ya moyo yatapanda polepole. Sababu ni kwamba maji ya damu hupungua kwa jasho, na sehemu ya damu hupelekwa kwenye ngozi ili ipoe. Damu inayorudi moyoni hupungua, kila pigo husukuma kidogo, na moyo hulazimika kufidia kwa kuongeza mapigo. Anayetazama wati peke yake atadhani mambo ni shwari. Anayetazama moyo peke yake atadhani ameongeza bidii. Anayetazama vyote viwili atajua kwamba mwili unakaukiwa na unazidiwa na joto, na kwamba umefika wakati wa kunywa maji, kupunguza mwendo, au kusimama.

Nyanda za juu nazo zina funzo lake. Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, yakiwa ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Mji huo uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako kila pumzi huleta oksijeni kidogo kuliko pwani. Mtu wa pwani apandaye huko huona kwamba wati zile zile alizozizoea zinamgharimu mapigo mengi zaidi. Hajadhoofika, gharama ndiyo iliyopanda.

Mazoezi na kugawa nguvu

Mwaka 1965 watafiti Monod na Scherrer wa Ufaransa waligundua uhusiano mwepesi. Ukichora grafu ya jumla ya kazi ambayo misuli imeifanya hadi kuchoka, dhidi ya muda uliotumika, hupatikana mstari ulionyooka. Mwinamo wa mstari huo ni nguvu ambayo mtu huweza kuidumisha kwa muda mrefu. Na pale mstari unapokata mhimili wa kazi ni akiba ndogo inayoweza kutumiwa juu ya kiwango hicho, kisha ikaisha. Makocha wengi hutumia njia fupi zaidi iliyoenezwa na Wamarekani Hunter Allen na Andrew Coggan katika kitabu chao cha mwaka 2006: mtu huendesha kwa bidii yake yote kwa dakika 20, na asilimia 95 ya wastani wa wati zake huhesabiwa kuwa kiwango chake cha saa moja.

Kiwango hicho kikijulikana, mazoezi hugawanywa. Sehemu kubwa zaidi ya muda huendeshwa chini yake kabisa, kwa ulaini unaomruhusu mtu kuzungumza pasipo kuhema. Mara moja au mbili kwa juma huwekwa vipindi vifupi vikali, vya dakika 3 hadi 5, vyenye mapumziko katikati. Vipindi vifupi huongozwa na wati, kwa kuwa moyo huchelewa. Safari ndefu, hasa kwenye joto, huongozwa na vyote viwili.

Umuhimu wa kugawa nguvu huonekana zaidi katika mashindano ya michezo mitatu, ambamo mtu huogelea, huendesha baiskeli, kisha hukimbia. Mashindano marefu ya aina hiyo yalianza Hawaii mwaka 1978: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, na mbio za kilomita 42.195. Katika sura fupi yaliingia katika Michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Mwezi Februari 1982, huko Hawaii, Julie Moss, mwanafunzi wa chuo aliyeingia mashindanoni ili apate habari za utafiti wake wa fiziolojia, alikuwa akiongoza wanawake wote. Karibu kabisa na mwisho miguu ilimwishia. Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Na alipokuwa bado anahangaika kuufikia mstari, Kathleen McCartney alimpita. Moss aliumaliza mwendo kwa kutambaa, sekunde 29 nyuma ya mshindi.

Akiba ya wanga katika misuli na ini ni gramu mia chache tu, na mashindano kama hayo huweza kuimaliza kabla ya mstari wa mwisho. Wati zinazotumiwa kwa fahari juu ya baiskeli hukopwa kutoka kwa miguu itakayokimbia baadaye. Siku hizi washindani wengi hujiwekea kikomo cha wati cha kutokuzidi juu ya baiskeli, na wakishaanza kukimbia hutazama mapigo ya moyo kuona deni limekuwa kubwa kiasi gani.

Jaribio kwa shule

Vyombo vya wati ni ghali, na shule nyingi hazitaviona karibuni. Lakini sayansi yake haina bei. Yafuatayo yanaweza kufanywa na darasa lolote lenye baiskeli moja, hata Phoenix kuukuu isiyo na gia.

Uchaguliwe mwinuko usio na magari, wenye urefu wa mita 300 au 400. Kimo chake kipimwe kwa mpira mrefu mwangavu uliojazwa maji, kama wafanyavyo mafundi uashi, hatua kwa hatua, na vimo vyote vijumlishwe. Mwanafunzi apimwe uzito pamoja na baiskeli yake. Kisha apande akiwa amekaa, kwa mwendo mmoja, huku mwenzake akishika saa. Mara tu afikapo juu, mapigo yahesabiwe kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 15 na kuzidishwa kwa 4. Inafaa kufanya haraka, kwani moyo huanza kushuka ndani ya sekunde chache. Na ikumbukwe kwamba kukosea pigo moja katika kuhesabu ni kukosea mapigo 4 katika jawabu.

Mathalani, mwanafunzi na baiskeli wakiwa kilo 70, kimo kikiwa mita 30, na muda ukiwa sekunde 150, nguvu ya kupanda ni 70 × 9.81 × 30 ÷ 150, yaani wati 137. Nguvu halisi imezidi hapo kidogo kwa sababu ya msuguano, na ni zoezi jema kuliuliza darasa kwa kiasi gani na kwa nini.

Wanafunzi wapande mara nne kwa mwendo tofauti, wapumzike vya kutosha katikati, na wachore grafu ya wati dhidi ya mapigo. Wakirudia baada ya majuma manane ya mazoezi ya kiasi, mstari unatazamiwa kuhamia upande wa mapigo machache. Hapo watakuwa wameona kwa macho yao kubadilika kwa moyo wa binadamu, pasipo kumpasua chura.

Tahadhari mbili ni za lazima. Mwenye maradhi ya moyo, pumu isiyodhibitiwa, au homa yoyote asishiriki. Na atakayeamka na mapigo yaliyozidi sana kawaida yake siku hiyo apumzike, kwa kuwa huenda malaria au ugonjwa mwingine uko njiani. Pili, jaribio lisigeuzwe mashindano. Mwanafunzi mwepesi na mwanafunzi mzito hawatoi wati sawa kwa muda sawa, na mioyo ya watu wenye umri mmoja haipigi sawasawa. Kila mmoja alinganishwe na nafsi yake ya majuma manane yaliyopita. Huo ndio ulinganisho ambao namba hizi zinauruhusu.